Kanga inasomeka, uso umepauka

Picha ilikuwa imehamishwa.

Nilikuwa Magomeni, kwenye nyumba ambayo nimeshaingia mara nne au tano kwa kazi, tukipanga sendofu ya mjukuu wa pale. Chai ikaja, maandazi yakaja, bei tukakubaliana. Nikaomba kwenda kunawa. Kwenye korido, kati ya mlango wa stoo na jokofu bovu lililogeuzwa kabati la vyombo, nikakutana ana kwa ana na kazi yangu mwenyewe: bibi wa nyumba ile, sentimita 50 kwa 75, ndani ya fremu ya mninga niliyoichagua mimi.

Miezi mitano kabla ya hapo niliitundika kwa mikono yangu sebuleni, juu ya televisheni.

Hakuna aliyelalamika. Nilishalipwa, nikashukuriwa, nikaombewa dua. Mahali ilipokuwa picha sasa pana fremu ya Ayatul Kursi, nami nikajipa moyo kwamba ndiyo sababu: watu wanaswali pale, hawataki sura ya mtu mbele yao. Lakini nilipokaa tena kwenye kochi nikaona picha ya harusi ya binti yake bado ipo. Picha ya mahafali ya mjukuu ipo. Hata ile ndogo ya marehemu babu, ya studio ya zamani, yenye kingo zilizokatwa mawimbi, ipo.

Iliyoondoka ni yangu peke yake.

## Nilichokiona koridoni

Nilisingizia kwamba nimesahau simu, nikarudi. Safari hii nikaitazama kama mgeni anavyoitazama, akipita.

Bibi alikuwa amejifunga ushungi mweupe, nyuma yake ukuta wa bluu iliyokolea. Pale ushungi ulipokutana na ukuta palikuwa na mstari, mweupe kuliko ushungi wenyewe, na pembeni yake mwingine mweusi kuliko ukuta. Ulizunguka kichwa chote kama mtu aliyeuchora kwa chaki. Ukishauona, huwezi tena kuacha kuuona.

Kisha uso. Kila kunyanzi lilikuwa na ukingo wa mwanga na ukingo wa giza, kama limechongwa. Na mng'ao ule wa shavuni, ambao siku ya kupiga picha ulikuwa mpana na laini, ulikuwa umevunjikavunjika kuwa vitone vidogo vyeupe.

Alikuwa amepauka.

Bibi ambaye hatoki hata uani bila kujipaka mafuta ya nazi, mimi nilikuwa nimempausha na kumtundika ukutani.

## Kosa lilianzia kwenye kanga

Wiki zilizofuata nilirudi kwenye faili lile usiku baada ya usiku, nikitafuta ni wapi hasa niliteleza. Niliamini najua kunoa picha, yaani kuzikaza kingo zake kwa kompyuta. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka.

Siku ile bibi alikaa karibu na dirisha, mwanga ukimjia kutoka kushoto. Begani alikuwa na kanga yake, ameikunja ili jina lije mbele ya kifua: *Wema hauozi*. Akaniambia, "Mjukuu wangu, uhakikishe hilo jina linasomeka." Nikamjibu, "Bila shaka, bibi."

Nilitumia lenzi ya milimita 85, nikafungua tundu lake la mwanga hadi f/2.8, mita mbili hivi kutoka kwake. Kwa kamera yangu ya sensa kubwa, kile kibamba kinachopokea mwanga, eneo lililo ndani ya fokasi hapo lina kina cha kama sentimita 9. Fokasi nikaiweka kwenye jicho la karibu. Macho yakatoka safi kabisa. Kanga, iliyokuwa sentimita 10 na kitu nyuma ya macho, ikawa imelegea. Maandishi yalikuwepo, lakini kingo zake zilikuwa zimeyeyuka kidogo.

Basi usiku ule nilipofungua faili sikuwa natazama uso. Nilikuwa nimeivuta picha hadi asilimia 100, nimekodolea macho herufi za kanga, nikisukuma namba mpaka zikasimama. Kwenye Unsharp Mask, kifaa cha kunoa cha Photoshop, kiasi kilifika 220, upana wa ukingo unaoguswa pikseli 2.5, na kizingiti, kinachozilinda tofauti ndogo zisinolewe, sifuri. Herufi zilipokaza nikafurahi, nikahifadhi. Na kwa kuwa Unsharp Mask haijui kanga wala shavu, kila nilichoipa kanga nilimpa na bibi usoni.

Wakati wa kutoa faili kutoka Lightroom, programu yangu nyingine ya picha, nikachagua tena kunoa kwa ajili ya karatasi, kiwango cha juu. Kwa mazoea tu.

## Kunoa ni kupunguza

Neno letu la kunoa linabeba ukweli ambao sikuwahi kuufikiria. Kisu kikinolewa kinapungua. Fundi visu hakiongezei kitu, anakila.

Picha nayo ni hivyohivyo. Kompyuta haina undani mpya wa kukupa. Inatafuta mahali ambapo weupe na weusi vinakutana, halafu upande mweupe inauzidishia weupe, na upande mweusi inauzidishia weusi. Jicho linadanganyika, linasema hapa pana ukali. Ukizidisha, ule weupe unafika mwisho na kuwa karatasi tupu, weusi unakuwa wino mtupu, na rangi zote zilizokuwa katikati zimeliwa. Kwenye ngozi nyeusi inayong'aa kwa mafuta, rangi hizo za katikati ndizo ngozi yenyewe.

Jina la Unsharp Mask limenichanganya kwa muda mrefu, kwa sababu linataja kutokuwa na ukali. Limetoka chumba cha giza. Mafundi wa filamu walitengeneza nakala hafifu ya negativu, yenye ukungu kwa makusudi, wakaibandika pamoja na negativu halisi kisha wakasafisha picha kupitia zote mbili. Ukungu wa nakala ulipunguza tofauti kwenye maeneo mapana na kuziacha kingo zisimame. Photoshop inafanya hesabu ileile bila filamu. Lakini yule fundi wa chumba cha giza alitumia saa nzima kwa picha moja, na alikuwa na sababu ya kujiuliza kama inastahili. Mimi nasukuma kitufe kwa kidole.

Wala sisemi tusinoe. Tangu Bryce Bayer wa Kodak alipopewa hataza ya mpangilio wake wa vichujio vya rangi mwaka 1976, karibu kila sensa inaona rangi kwa kukisia: nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi ambazo pikseli haikuziona kompyuta inazijaza kwa kutazama majirani. Kujaza huko kunalainisha. Baadhi ya kamera zina pia kichujio mbele ya sensa kinacholainisha kwa makusudi ili vitambaa visitoe mawimbi ya ajabu. Halafu wino unapokutana na karatasi unasambaa kidogo. Picha isiyonolewa kabisa ikisafishwa inatoka imelala.

Swali lililonisumbua lilikuwa jingine. Ni nani anayetakiwa kunoa, mara ngapi, na kwa ajili ya macho ya nani?

## "Ningejuaje?"

Nilienda Kariakoo, kwenye duka ninakosafishia picha kubwa. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua tu.

"Kaka, ile picha yangu ya bibi wa ushungi, uliigusa kabla ya kuichapa?"

Fundi hakuhitaji hata kukumbuka. "Niliiongezea shapu kidogo. Zote naziongezea."

"Zote?"

"Zote. Picha za humu nyingi zimetoka WhatsApp. Usipoziongezea zinatoka kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Mteja anarudi na fujo." Akanyamaza kidogo. "Ya kwako hukuandika kitu. Ningejuaje?"

Nilisimama pale mlangoni, maguta yakinipita mgongoni, nikihesabu. Nilinoa mimi kwa ajili ya kanga. Ikanoa Lightroom kwa ajili ya karatasi. Akanoa fundi kwa ajili ya wateja wake wa WhatsApp. Mara tatu, watu wawili na programu moja, na hakuna aliyejua mwenzake kafanya nini.

Fundi hakukosea. Kwa wale wateja wake anafanya kazi ya kuwaokoa. Aliyekosea ni mimi niliyepeleka faili bila neno, kama mtu anayemwachia fundi cherehani kitambaa na kuondoka bila vipimo.

Sasa jina la faili langu linabeba ujumbe mzima: vipimo vya picha, aina ya karatasi, halafu IMENOLEWA USIGUSE kwa herufi kubwa. Na bado nampigia simu.

## Skrini inasema uongo gani

Hili la skrini lilinichukua muda kulikubali, maana nimeiamini skrini yangu kuliko ninavyoamini macho yangu.

Faili langu lilikuwa na pikseli 4000 kwa 6000. Ukilitandaza kwenye sentimita 50 kwa 75 unapata pikseli 203 kwa kila inchi. Skrini yangu ya mezani ina kama 100. Maana yake, nikiitazama picha kwa asilimia 100, naiona kubwa maradufu ya itakavyokuwa ukutani, na pua yangu iko sentimita 50 kutoka kwenye skrini. Hakuna mtu atakayemtazama bibi namna hiyo. Nilikuwa nanoa kwa ajili ya mtazamaji ambaye hayupo.

Mtu aliyelipanga vizuri jambo hili ni Bruce Fraser, Mskoti aliyehamia San Francisco na kufariki huko mwaka 2006. Aligawa kunoa kuwa zamu tatu: ya kwanza ndogo sana, kulipia ulaini wa kamera, ya pili ya mahali maalumu, pale mpiga picha anapotaka jicho la mtazamaji liende, ya tatu ya mwisho kabisa, kwa ajili ya karatasi, baada ya picha kukatwa vipimo vyake. Kile kisanduku cha Lightroom cha kunoa wakati wa kutoa faili, kilichoingia na toleo la 2 mwaka 2008, kimetokana na kazi yake na wenzake. Nimekitumia miaka yote hii bila kujua kwamba kinakutegemea uwe umefanya zamu mbili za kwanza kwa kiasi.

Kanuni moja ya mafundi niliyoishika ni hii: chukua idadi ya pikseli kwa inchi, gawanya kwa 200, utapata upana wa kuanzia. Kwa 300 ni 1.5. Kwa picha ya bibi ni 1 tu. Mimi niliweka 2.5.

Lakini kanuni haijawahi kuona karatasi yako. Karatasi laini isiyong'aa inakunywa wino na kumeza ukali, inataka zaidi. Ya kung'aa haimezi kitu, inakuumbua mapema. Kanvasi ina nyuzi zake yenyewe, na kuinoa sana ni kugombana na kitambaa.

## Vipande vya majaribio

Nikarudi kwenye tabia ya chumba cha giza. Nilikata kipande kimoja cha picha kwa ukubwa wake halisi, chenye jicho, ukingo wa ushungi na herufi nne za kanga. Nikatengeneza matoleo sita, kila moja na namba zake, nikayapanga kwenye karatasi moja ya nusu mng'aro, ile ambayo mafundi wanaiita lasta, ndiyo iliyotumika kwa picha ya kwanza. Chini ya kila kipande nikaandika namba kwa penseli. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za wageni.

Nikaibandika karatasi hiyo ukutani chumbani kwangu, nikawa naiona kila nikiingia na kutoka. Mchana kwa mwanga wa dirisha, usiku kwa taa. Siku ya kwanza nilipenda kipande cha tano. Siku ya tatu cha nne. Baada ya wiki nikawa nimehamia cha pili, na cha tano kikawa kinaniumiza macho.

Hapo ndipo niliogopa. Kama jicho langu linaweza kutulia hivyo ndani ya wiki moja, basi ni picha ngapi nimezipeleka kwa watu nikiwa bado kwenye siku ya kwanza?

Nikasafisha picha nzima upya kwa kipande cha pili: kiasi 70, upana 0.8, kizingiti 4. Fedha yangu. Ngozi ya bibi ikarudi, ikapata tena mafuta yake. Mstari wa chaki ukaondoka.

## Bibi hakuridhika

Nilimpigia kwanza binti yake, nikamwambia ukweli wote. Akacheka kidogo kwa haya. "Sikutaka kukuambia. Mama alisema, *hapa nimekaa kama sijapaka mafuta, watu watasema mnanitesa.*"

Nikaipeleka. Bibi alikuwa kwenye kiti chake kilekile, mkabala na televisheni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umenileta tena?"

Tukaisimamisha juu ya kabati. Akautazama uso wake muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu sasa ni mimi." Nikavuta pumzi. Halafu akakunja macho. "Ila kanga umeifanyaje? Ile ya kwanza nilikuwa naisoma kutoka hapa."

Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimejisadikisha kwamba picha ya kwanza ilikuwa kosa tupu. Kumbe kwa mwanamke huyu, mwenye jicho moja lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, picha ile mbaya ilikuwa imetimiza ahadi niliyompa: jina linasomeka. Ya pili, niliyoitengeneza kwa uangalifu wote huo, ilikuwa imeivunja.

Nikapima kwa hatua kutoka kiti hadi ukutani. Mita mbili na nusu. Jicho zima kwa umbali huo linatenganisha vitu vilivyoachana kama robo tatu ya milimita. Jicho la bibi linahitaji zaidi ya hapo. Upana wangu wa 0.8 ni sehemu ya kumi ya milimita. Kwake yeye sikuwa nimenoa chochote. Anayetazama kwa mbali anahitaji ukingo mpana, na hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulifikiria mtu aliyekaa kwenye kiti.

Rafiki mmoja akanishauri nitumie programu ya akili mnemba. Nikaijaribu kwenye kanga peke yake. Ilitoa kitambaa kizuri mno, nyuzi moja moja, lakini "hauozi" ikawa na alama katikati isiyo z wala herufi nyingine yoyote. Programu haikusoma, ilikisia. Nikalifuta faili. Jina la kanga ni maneno ya mwenye kanga, siwezi kumtundikia mtu sebuleni maneno ambayo hakuyasema.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho Fraser alikiita zamu ya pili, na ambacho mimi nilikuwa nakiruka kila siku kwa sababu kinakula muda. Tabaka moja kwa ajili ya kanga: upana 2.2, kiasi 160, nimelipaka kwa brashi juu ya herufi tu, nikifuata mkunjo kwa mkunjo. Tabaka jingine kwa macho, dogo. Ukingo wa ushungi nimeuacha kabisa, hauhitaji msaada wangu. Ngozi nayo imebaki na ule unoaji mdogo wa kipande cha pili, bila kuongezewa kitu. Kunoa kwa Lightroom nimekuzima. Fundi nimemwandikia, nimempigia, kisha nikaenda kusimama pembeni yake akichapa.

Saa mbili na nusu kwa picha moja. Albamu ya harusi ina picha 80, na bado sijui nitazigawaje saa hizo.

Ya tatu imetoka juzi. Iko mezani kwangu, imefunikwa kwa shuka, na nimeitazama mara mbili tu, zote kutoka mita mbili na nusu. Sendofu ni Jumamosi. Nitafika mapema na bajaji, kabla ya watu wa mapambo, na nimemwomba binti yake wasipigilie msumari mpaka bibi akae kwenye kiti chake kwanza, anisomee kanga.